Gogo Lililogeuka Kiatu

Mwaka 1416, mwaka mmoja tu baada ya wapiga mishale wa Uingereza kuwafyeka Wafaransa kwenye matope ya Agincourt, bunge la Mfalme Henry V lilitunga sheria ya kuwabana mafundi viatu. Si wale wa ngozi. Ni wale waliochonga viatu vya mti, waliopigwa marufuku kutumia mti uitwao aspen. Mti huo ni mwepesi na unachongeka vizuri, na kwa sababu hiyo hiyo watengeneza mishale walikuwa wakiutaka wote uwe wao. Fundi aliyekamatwa nao alitozwa shilingi 100, fedha ya kumfungisha mtu karakana siku hizo. Mafundi walingoja karibu nusu karne. Mwaka 1464 ndipo waliporuhusiwa kutumia vipande vya aspen visivyofaa kwa mishale, yaani masalia ya vita.

Miongoni mwa viatu vinavyotajwa katika sheria ile ni clogs, na neno hilo nimeishi nalo muda mrefu. Kazi yangu ni kutafsiri vijitabu vya maelekezo: pampu za maji, mashine za kufulia, mabomba ya kunyunyizia dawa shambani. Humo clog ni kitenzi na maana yake ni moja, kuziba. Kichujio kimeziba; zima mashine kwanza ndipo usafishe. Naandika "ziba" na kazi inaendelea, kwa sababu ndilo neno lenyewe. Kilichonivuta kulifuata clog mpaka kwenye mizizi yake ni miaka niliyoishi Bolton, kaskazini mwa Uingereza. Pale ukilitaja mbele ya mzee, hawazi habari ya bomba hata kidogo. Anaanza kukusimulia viatu vya bibi yake.

Katika Kiingereza cha karne ya 14, clogge lilikuwa gogo. Basi. Kipande kinene cha mti, kizito, kisicho na umbo. Gogo kubwa la kukoka moto usiku wa Krismasi, watu wa kaskazini waliendelea kuliita Yule clog kwa karne nyingi baadaye. Katika jimbo la Staffordshire palikuwa na kalenda iliyoitwa clog, nayo ilikuwa kijiti cha pande nne kilichotundikwa ukutani. Kila ukingo ulibeba miezi mitatu, kila siku ikiwa pengo moja lililochongwa kwa kisu, na siku ya kwanza ya wiki ikipewa pengo kubwa zaidi. Pembeni zilichorwa alama za sikukuu za watakatifu. Robert Plot aliieleza kwa kirefu katika maandishi yake ya mwaka 1686, na mimi naiona ni kazi ya akili sana: mtu asiyejua kusoma alipapasa tu kwa kidole gumba akajua Krismasi imepita siku ngapi.

Kisha gogo likafungwa mguuni. Ng'ombe mtorokaji, farasi mwenye kiburi, mbwa anayekimbilia kondoo wa jirani, wote walifungiwa gogo shingoni au mguuni wasiende mbali. Hilo nalo likaitwa clog, na kitendo cha kulifunga kikawa kitenzi: kumtia mtu au mnyama kitu kizito cha kumzuia. Maana hiyo ndiyo iliyotangulia. Ile ya bomba kujaa uchafu mpaka maji yasipite ilikuja katika karne ya 17. Kwa hiyo bomba lililoziba halikurithi jina kutoka kwenye kiatu, kama wengi wanavyodhani. Kiatu na bomba ni ndugu wa baba mmoja, na baba yao ni gogo.

Sisi pia tuna gogo, na linatushangaza lilikokwenda. Kwetu kipande kizito cha mti kimepanda cheo: kigogo ni mtu mkubwa serikalini au chamani, mwenye uzito, asiyesukumika kirahisi. Kazi ya kufunga miguu tukaipa neno jingine, mkatale, ule ubao mzito wenye matundu waliotiwa miguu wafungwa na watumwa. Ukiusoma huo mkatale kwenye kamusi utaona ni kitu kimoja na clog ya ng'ombe wa Kiingereza, ila huku kwetu ulimfunga binadamu.

Ilikuwaje gogo likavaliwa? Ulaya ya kaskazini ina baridi na matope, ngozi ilikuwa ghali, na mti ulikuwa bure kwa mwenye shoka. Amsterdam, katika mtaa wa Nieuwendijk, kilifukuliwa kiatu cha mti kinachokadiriwa kuwa cha mwaka 1230 hivi. Waholanzi wanavyoviita viatu vyao, klompen, nalo ni neno linalobeba maana ya bonge. Vile vyao vimechongwa kwa mti mtupu, juu na chini. Vya Waingereza wa kaskazini ni vya aina nyingine: soli ni ya mti, juu ni ngozi.

Nimewahi kukishika kimoja Helmshore, kwenye makumbusho ya viwanda vya nguo vya Lancashire, na nataka nikieleze taratibu kwa sababu ni kitu kilichotengenezwa na watu waliojua kazi. Soli ina unene wa vidole viwili hivi, na mbele imeinuka kama omo la dau, kwa kuwa mti haukunjiki na mguu lazima ubingirike juu yake ili hatua itoke. Mti wenyewe mara nyingi ni alder, unaoota kando ya mito na mabwawa na kuvumilia maji. Ukingoni mwa soli umechongwa mfereji mwembamba, na ngozi imelazwa humo na kupigiliwa misumari midogo ya shaba nyeupe iliyokaribiana. Chini kuna vyuma viwili, kimoja cha kisigino na kimoja cha mbele, vilivyopindwa kama chuma cha kwato ya farasi. Vyuma hivyo vilipolika, fundi aling'oa na kupigilia vingine, soli ikaendelea kuishi.

Fundi alichonga kwa visu vitatu. Kila kimoja kina mpini mrefu kama wa jembe, na ncha yake ina ndoana inayoingia kwenye pete iliyofungwa kwenye benchi, ili mkono ukandamize kama unavyokandamiza mkono wa pampu. Kisu cha kwanza hutoa umbo, cha pili huchimba palipo nyayo, cha tatu hukata ule mfereji wa ngozi. Sehemu ya kwanza ya kazi ilifanyika msituni. Wachongaji walipiga kambi kando ya mito, wakakata magogo kuwa vipande vyenye umbo la mguu, wakavipanga kuwa vichuguu vyenye nafasi za kupitisha upepo mpaka vikauke, ndipo wakaviuza mijini.

Viwanda vya pamba vilivihitaji hasa. Uzi wa pamba hukatika hewa ikiwa kavu, kwa hiyo hewa ya ndani ya kiwanda iliwekwa na unyevu kwa makusudi, na sakafu ilikuwa na maji na mafuta ya mashine. Ngozi ingeoza. Mti ulivumilia. Vitambaa vilivyofumwa na wanawake waliovaa viatu hivyo vilipakiwa melini kwenda duniani kote, na baadhi vilifika Unguja, hasa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vilipokatiza kitambaa cha marekani kilichotawala soko letu.

Wazee wa Bolton wanachokumbuka zaidi ni sauti. Alfajiri, giza bado, mlango mmoja unafunguka, chuma kinagonga jiwe la barabara. Mlango wa pili, wa kumi, mpaka mtaa mzima unanguruma ukiteremka kiwandani. Ndani ya kiwanda mitambo ilipiga kelele kiasi kwamba wafumaji walisemezana kwa kusomana midomo. Husemwa kwamba miguu yao ilianza kufuatisha mdundo wa mitambo, na ngoma ya clogs ikazaliwa hapo. Ngoma hiyo ilivuka kwenda majukwaani. Charlie Chaplin, kabla sinema haijamjua, alianza kazi akiwa mtoto katika kikundi cha Eight Lancashire Lads, wavulana waliocheza kwa viatu vya mti. Ng'ambo ya Atlantiki ngoma za namna hiyo zilikutana na ngoma za Waafrika waliopelekwa utumwani, na kutoka kwenye mkutano huo ikatoka ile ya kugonga sakafu kwa vyuma vya viatu ambayo dunia nzima inaijua kuwa ya Marekani.

Watu wa Lancashire wana msemo mmoja unaonigusa: kutoka kwenye clogs mpaka kwenye clogs ni vizazi vitatu. Babu alivaa mti, akahangaika akajenga kiwanda. Mtoto akavaa ngozi. Mjukuu akatapanya akarudi kwenye mti. Ni msemo wa watu waliokaa karibu na utajiri wakauona ukija na kuondoka. Lakini sikiliza kipimo chake. Umaskini unatajwa kwa jina la kiatu, wala si kwa njaa au nyumba.

Na kipimo hicho ni cha zamani kuliko viwanda. Mwaka 1733 Robert Walpole, kiongozi wa serikali ya Uingereza, alipotaka kutanua ushuru wa tumbaku na mvinyo, umati wa London ulipiga kelele: hatutaki utumwa, hatutaki ushuru, hatutaki viatu vya mti. Kwa Mwingereza wa wakati ule, viatu vya mti vilikuwa picha ya mkulima wa Ufaransa, aliyekamuliwa na mfalme asiyehojiwa mpaka akakosa ngozi ya kuvaa. Walpole aliuondoa muswada wake. Karne iliyofuata, maelfu ya Waingereza wenyewe walikuwa wakiingia viwandani wamevaa mti, katika nchi ile ile iliyojisifu kuwa huru kwa sababu haivivai. Naona hapo kuna dhuluma iliyojificha ndani ya maneno. Kiatu kilichomkinga mtu na baridi, maji na uzito wa kazi kinageuzwa kuwa aibu yake.

Dhuluma hiyo iko wazi zaidi katika Kifaransa. Kiatu cha mti ni sabot. Kutokana nacho kukawa na kitenzi saboter, ambacho pamoja na maana nyingine kilikuwa ni kufanya kazi ovyo ovyo, kwa kishindo na bila ustadi, kama ambavyo mtu wa mjini alimwona mkulima akitembea. Pengine umewahi kusikia kwamba neno sabotage lilitokana na wafanyakazi waliotupa viatu vyao ndani ya mashine ili ziharibike. Hadithi hiyo ni tamu lakini haina ushahidi. Kilichotokea kina maana zaidi. Mwaka 1897, katika mkutano wa vyama vya wafanyakazi uliofanyika Toulouse, Émile Pouget na wenzake walilichukua tusi lile wakalifanya silaha: kwa malipo mabovu, kazi mbovu. Mnatuita watu wa viatu vya mti, wasiojua kazi? Basi mkitulipa ovyo tutafanya kazi ovyo. Mkutano uliwakubalia, na neno likaanza safari yake ya dunia.

Sisi tulilipokea kwa mlango mwingine. Kiswahili hakikubeba sabot wala mti. Kilichukua hujuma, neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya shambulio. Mtanzania yeyote aliyekuwa na akili zake mwaka 1983 anakumbuka msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, sabuni na sukari zilizofukuliwa kutoka kwenye mashimo na magodauni. Katika Kiingereza cha sheria kosa lile liliitwa economic sabotage. Ndani ya jina hilo la kisheria kuna mkulima wa Kifaransa anayeburura miguu. Ndani ya jina letu kuna jeshi linaloshambulia. Nalipenda letu zaidi, kwa kuwa halimdharau mtu yeyote kwa kiatu chake.

Sasa nije nyumbani, kwa sababu pwani ina viatu vyake vya mti, na havikuhitaji kusubiri Mholanzi.

Mtalawanda ni mti. Unaota kwenye misitu na vichaka vya pwani, una maganda marefu yanayoning'inia kama kamba, na wataalamu wanauweka katika jamii ya Markhamia. Mtalawanda pia ni kiatu kinachochongwa kwa mti huo. Ni safari ile ile iliyopitiwa na clog, mti kuwa kiatu bila kubadili jina, tofauti ikiwa moja: Waingereza walikipa kiatu jina la gogo lolote, sisi tukakipa jina la mti wake hasa. Wengine husema mtawanda. Mbele kuna kigingi kidogo kinachoshikwa kati ya kidole gumba na cha pili, na kigingi hicho kina jina lake, msuruaki. Ni umbo wanalolijua pia watu wa ng'ambo ya bahari, maana paduka za Wahindi nazo hushikwa kwa kigingi. Zile za Waarabu wa Misri na Sham, kabkabu za hamamu, zina ukanda juu ya mguu, nazo zimeingia katika historia kwa ubaya: Shajar al-Durr, mwanamke aliyetawala Misri, anasimuliwa kuwa aliuawa mwaka 1257 kwa kupigwa na viatu hivyo na wajakazi wa mke mwenza wake.

Mitalawanda ya bibi yangu mzaa mama, pale Ng'ambo mjini Unguja, ilikuwa ya kawaida, haina njumu ya fedha kama ile unayoiona kwenye makumbusho. Chini ilikuwa na magongo mawili, la mbele na la nyuma, yanayouinua mguu juu ya maji ya msalani. Msuruaki ulikuwa umeng'aa kwa kushikwa, laini kama punje ya kahawa. Penye kisigino palikuwa na kishimo kilichochimbwa na miaka. Aliivaa kwenda kutawadha, kuteka maji, kuvuka ua. Nilipojaribu kuivaa nikiwa mtoto ilinivuka, naye akanifundisha: "Mjukuu wangu, usiinyanyue kama kandambili. Ishike kwa vidole, uiburure kidogo, itakufuata."

Na ilikuwa na sauti. Ko, ko, ko, kwenye sakafu ya chokaa. Kila mtu wa nyumba ile alimjua anayekuja kwa mwendo wa mitalawanda yake, na wanaume waliokaa barazani walijua mwanamke anakaribia mlango kabla hajakohoa. Katika majumba ya Sayyid Said ilikuwa vivyo hivyo kwa ukubwa zaidi. Binti yake Salme, aliyekulia humo katika karne ya 19, aliviandika viatu vya mti vya wanawake wa jumba katika kumbukumbu zake zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886. Hapakuwa na aibu katika sauti ile. Kule Ufaransa kishindo cha mti kilimaanisha mtu duni. Unguja kilimaanisha bibi wa nyumba.

Sababu ni kwamba kwetu mstari haukuchorwa kati ya mti na ngozi. Ulichorwa kati ya mwenye kiatu na asiye nacho. Mtumwa alitembea peku. Kuvaa viatu, kama kuvaa kofia, ilikuwa ni alama ya mwungwana, na mtumwa hakuruhusiwa kujifananisha naye. Ndiyo maana viatu vya mti ambavyo London ilivifanya kuwa nembo ya utumwa, Unguja vilikuwa miguuni mwa watu huru. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu mara nyingi tunaisifu mitalawanda kama pambo la ustaarabu wetu bila kutaja miguu iliyokuwa mitupu pembeni yake.

Leo ukimwomba muuza viatu Kariakoo clog, kama anakuelewa, atakupa kroksi, kiatu cha povu chenye matundu kilichoanza kuuzwa na kampuni ya Colorado mwaka 2002. Mti umeondoka kabisa, jina limebaki. Sina ugomvi na kroksi. Manesi wanazipenda, haziozi, zinaoshwa kwa maji. Ila msuruaki naona umepotea midomoni mwa watoto wetu pamoja na kiatu chake, na ni neno lisilo na mbadala.

Amri ya kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa ilitolewa Zanzibar mwaka 1897, mwaka ule ule wa mkutano wa Toulouse. Waliokuwa watumwa walianza kuvaa walichonyimwa: kanzu, kofia, ukaya, viatu. Bibi alisimulia habari za bibi yake yeye, aliyetoka kwenye shamba la karafuu akahamia Ng'ambo, na kitu cha kwanza alichonunua kwa fedha zake kikawa ni mitalawanda. Aliivaa mpaka sokoni. Wanawake wa mji walimwambia kwamba hiyo ni ya ndani, haivaliwi barabarani. Akawajibu kuwa ndani hakuna wa kumsikia.